Bima ya Afya Inayopotelea Katika Fomu

Sheria ambayo Rais Donald Trump aliitia saini tarehe 4 Julai 2025, na ambayo mwenyewe hakuchoka kuiita "kubwa na nzuri", imejadiliwa sana kwa upande wa kodi na kidogo mno kwa upande wa kalenda yake. Nafuu za kodi zilizomo, zikiwemo zile za bakshishi na za malipo ya saa za ziada zilizopigiwa debe katika kampeni ya 2024, zilianza kuhesabiwa kwa mapato ya mwaka 2025 huo huo. Sharti la kufanya kazi ili mtu abaki katika Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, majimbo yanayohusika yanatakiwa yawe yamelianza ifikapo 1 Januari 2027. Katikati ya tarehe hizo upo uchaguzi wa wabunge wa tarehe 3 Novemba 2026. Asali imetangulizwa mezani, na shubiri imewekwa kiporo mpaka wapiga kura wawe wamekwisha kurudi makwao. Mtu anayetaka kuielewa siasa ya Marekani ya sasa ataambulia mengi zaidi kwa kuzisoma tarehe hizo kuliko kwa kukesha na wachambuzi wa televisheni.

Sifichi ninakosimama. Naamini kwamba matibabu ni haki ya kila mtu, na naisoma habari hii nikiwa mtu wa mrengo wa kushoto. Lakini ninalotaka kulieleza leo ni jambo mahususi zaidi ya imani yangu: namna ambavyo serikali inaweza kuwaondolea mamilioni ya watu bima ya afya bila mwanasiasa hata mmoja kusimama na kutamka kwamba fulani aondolewe. Kazi hiyo wameachiwa makarani, tovuti na barua za posta.

Medicaid ilianzishwa mwaka 1965, Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria iliyoizaa pamoja na Medicare, ambayo ni bima ya wazee. Leo inawahudumia watu wapatao milioni 70, na gharama zake hugawanywa kati ya serikali kuu na majimbo. Hulipia takriban watoto wanne kati ya kila kumi wanaozaliwa nchini humo, na hulipia matunzo ya zaidi ya nusu ya wazee na wagonjwa waliomo katika nyumba za uangalizi. Sheria ya Rais Obama ya mwaka 2010 iliipanua ili iwachukue pia watu wazima ambao kipato chao hakizidi asilimia 138 ya kiwango rasmi cha umaskini. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2012 kwamba kila jimbo liwe na hiari ya kukubali au kukataa, na mpaka sasa majimbo 40 pamoja na jiji la Washington yamekubali. Lenye kustaajabisha ni kwamba baadhi ya majimbo hayo ni ngome za chama cha Republican, ambako viongozi walikataa na wananchi wakaamua kupitia kura ya maoni: Utah, Idaho na Nebraska mwaka 2018, Oklahoma na Missouri mwaka 2020, na South Dakota mwaka 2022. Aidha, mpango huu hubadilisha jina kila unapovuka mpaka wa jimbo. California unaitwa Medi-Cal, Oklahoma unaitwa SoonerCare, Tennessee unaitwa TennCare, na Wisconsin unaitwa BadgerCare, hata mtu anaweza kushangilia Medicaid ikipunguzwa ilhali kadi iliyomo mfukoni mwake ni ya Medicaid hiyo hiyo.

Kitu kinachopendwa kiasi hicho ni vigumu kukifuta hadharani. Ndiyo maana kimetafutiwa njia ya pembeni. Sheria mpya inamtaka mtu mzima wa umri wa miaka 19 hadi 64, aliyeingia kupitia upanuzi ule wa Obama, athibitishe kwamba ametimiza saa 80 kwa mwezi za kazi, masomo au shughuli za kujitolea, au athibitishe kwamba yumo katika kundi lililosamehewa, kama vile wenye maradhi mazito na wazazi wenye watoto wadogo. Tena, uhakiki wa sifa zake, ambao zamani ulifanyika mara moja kwa mwaka, sasa utafanyika kila baada ya miezi sita. Ofisi ya Bajeti ya Bunge, ambayo haina chama, ilikadiria kwamba sheria nzima itawaacha watu milioni 10 zaidi bila bima ifikapo mwaka 2034, na kwamba zaidi ya milioni 5 kati yao watatokana na sharti la kazi peke yake, sharti ambalo litaipunguzia serikali matumizi kwa zaidi ya dola bilioni 300 katika miaka kumi.

Hapo naomba msomaji atulie kidogo na hesabu hiyo. Kama kila anayeguswa na sharti hili angelitimiza na kuripoti ipasavyo, angebaki na bima yake na serikali isingeokoa hata senti. Akiba ya dola bilioni 300 inapatikana kwa sharti moja tu, kwamba mamilioni ya watu watashindwa. Waliopiga kura ya ndiyo walikuwa na makadirio hayo mezani, na waliyategemea kufidia sehemu ya nafuu za kodi walizozitoa. Kwa hiyo mtu anapodai kwamba lengo lao lilikuwa kuwahimiza watu wafanye kazi, nauliza ni kwa nini bajeti yao iliandikwa kwa matumaini kwamba wengi hawatafaulu.

Jambo hili si la kubahatisha, kwa kuwa limekwisha kujaribiwa. Kuanzia Juni 2018 jimbo la Arkansas liliwataka watu wa mpango uliopanuliwa waripoti kila mwezi saa zao 80, na mwanzoni njia ya kuripoti ilikuwa moja tu, tovuti. Tovuti hiyo ilikuwa ikifungwa kila siku kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi, kana kwamba nayo ilikuwa na familia ya kurudia. Aliyekosa kuripoti kwa miezi mitatu alifungiwa nje mpaka mwaka uishe. Kufikia Desemba watu wapatao 18,000 walikuwa wamepoteza bima, na mnamo Machi 2019 jaji wa mahakama ya shirikisho, James Boasberg, aliusimamisha mpango. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliochunguza yaliyotokea hawakuona ongezeko lolote la ajira. Waligundua pia kwamba zaidi ya asilimia 95 ya watu waliolengwa walikuwa tayari wanafanya kazi za kutosha au walistahili kusamehewa. Wengi hawakujua kwamba sharti lipo, na waliojua walikwama katika kuliripoti. Maana yake, bima ilichukuliwa kutoka kwa watu walioitimizia sheria kila kitu isipokuwa makaratasi yake.

Georgia ilifuata kwa njia yake mwaka 2023, chini ya Gavana Brian Kemp. Badala ya kuupokea upanuzi wote, ilifungua mpango mdogo wenye sharti la kazi tangu mlangoni. Ilitarajia watu 25,000 katika mwaka wa kwanza, na waliojiandikisha hawakufika 5,000. Wakaguzi wa serikali kuu walikuja kubaini kwamba fedha zilizotumika kuuendesha, zikiwemo za mifumo ya kompyuta, zilikuwa takriban mara mbili ya zile zilizolipia matibabu. Nchi yenye viongozi wasiochoka kuhubiri juu ya ubadhirifu wa serikali imejenga mashine ambayo kuikagua dawa kunaigharimu zaidi ya kuitoa.

Msomaji yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kufuatilia cheti cha kuzaliwa au hati ya kiwanja anazifahamu mbinu hizi bila kufundishwa: lete nakala tatu, picha hii si sahihi, mhusika ametoka, njoo kesho. Hakuna anayekunyima, ila unachoka, na siku unapoacha kwenda, faili lako linafungwa kwa maelezo kwamba mwombaji hakufuatilia.

Utetezi wa upande wa pili unajulikana. Spika wa Baraza la Wawakilishi, Mike Johnson, alizunguka katika vyombo vya habari akiwazungumzia vijana wa kiume wanaokaa kwenye makochi wakicheza michezo ya kompyuta huku walipa kodi wakiwagharamia matibabu. Ni picha inayoingia akilini upesi, lakini takwimu zinaikataa. Taasisi ya utafiti wa afya ya KFF ilionyesha kwamba miongoni mwa watu wazima walio chini ya miaka 65 katika Medicaid, ukiwatoa wanaolipwa mafao ya ulemavu na wachache walio na Medicare, asilimia 64 walikuwa wanafanya kazi mwaka 2023, na wengi wa waliosalia walikuwa wanalea, wanasoma au wanaumwa. Wanaofanya kazi hizo ni wapishi wa mikahawa, wafagiaji, madereva wa mizigo na walezi wa majumbani, watu ambao saa zao hupanda na kushuka kila wiki kwa uamuzi wa msimamizi, na ambao mwezi wa saa 72 hautokani na uvivu wao. Isitoshe, ofisi ile ile ya bajeti ilikadiria kwamba sehemu ya kumi ya wananchi iliyo maskini zaidi itapoteza wastani wa dola 1,200 kwa mwaka kwa kila kaya, ilhali sehemu ya kumi iliyo tajiri zaidi itapata wastani wa dola 13,600, na kwamba pamoja na makato yote hayo nakisi itaongezeka kwa dola trilioni 3.4 katika miaka kumi. Wale wanaojiita walinzi wa hazina wamekopa ili kuwapa wenye nacho.

Ndani ya chama chenyewe walikuwepo waliojua. Seneta Thom Tillis wa North Carolina alisimama na kuuliza atawaambia nini watu 663,000 wa jimbo lake watakaopoteza bima, akapiga kura ya hapana, na katika siku zizo hizo akatangaza kwamba hatagombea tena. Seneta Josh Hawley wa Missouri aliandika makala gazetini mwezi Mei akisema kwamba kuikata Medicaid ni kosa la kimaadili na ni kujiua kisiasa. Mwezi Julai alipiga kura ya ndiyo, kisha kabla mwezi haujaisha akapeleka muswada wa kubatilisha sehemu ya alichokipigia kura. Seneta Joni Ernst wa Iowa, alipokuwa akijibu maswali ya wapiga kura wake na mmoja akapaza sauti kwamba watu watakufa, alijibu kwamba sote tutakufa. Nimeisikia kauli hiyo ikifanyiwa mzaha mara nyingi mno, na mzaha umeisaidia kusahaulika. Katika Seneti sheria ilipita kwa kura 51 dhidi ya 50, baada ya Makamu wa Rais JD Vance kuvunja sare, na katika Baraza la Wawakilishi ilipita kwa 218 dhidi ya 214. Kura moja ya seneta ingetosha kuiangusha.

Vyombo vya habari navyo vina sehemu yao. Siku ya kura ya mwisho, Hakeem Jeffries, kiongozi wa Wademocrat katika Baraza la Wawakilishi, alizungumza kwa saa 8 na dakika 44, na kilichotangazwa zaidi ni kwamba amevunja rekodi. Serikali ilipofungwa, yaani shughuli zake nyingi ziliposimama kwa sababu Bunge halikupitisha bajeti, kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025, siku zilihesabiwa kama dakika za mchezo mpaka rekodi ya siku 35 ya msimu wa 2018 na 2019 ikavunjwa kwa siku 43, na wachambuzi wakabishana ni chama gani kitalaumiwa. Uandishi wa aina hii huonekana wa haki kwa sababu haumpendelei yeyote, lakini una upendeleo wa ndani usiosemwa: unamfaidi yule aliyeficha madhara ya sheria yake katika kifungu kirefu na tarehe ya mbali, kwa kuwa kifungu kirefu hakifai kutangazwa kwa sekunde 40.

Kuhusu kufungwa kwenyewe, Wademocrat walikuwa na hoja nzuri na waliisimamia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Walidai ruzuku za bima zilizoongezwa tangu 2021 zisiachwe zife mwisho wa 2025. Watu wapatao milioni 24 walikuwa wakinunua bima katika masoko yaliyoanzishwa na sheria ya Obama, na KFF ilikadiria kwamba kwa wanaopata ruzuku malipo ya wastani yangepanda kutoka dola 888 kwa mwaka hadi dola 1,904. Serikali ya Trump ilijibu kwa kuwabana wasiohusika kabisa na ugomvi: mwanzoni mwa Novemba msaada wa chakula wa SNAP, unaowategemeza watu wapatao milioni 42, ulikwama, na kesi zikapanda na kushuka mahakamani kuhusu kama watu walishwe. Tarehe 9 Novemba maseneta wanane wa upande wa Democratic, akiwemo Angus King ambaye ni huru, waliungana na Warepublican kufungua njia, nao wakapewa ahadi ya kura moja mwezi Desemba. Kura ikapigwa tarehe 11 Desemba, ikaishia 51 kwa 48 pale ambapo 60 zilihitajika, na nyongeza hiyo ya ruzuku ikafa pamoja na mwaka. Hakuna hata mmoja kati ya wanane hao aliyekuwa akikabili wapiga kura mwaka 2026, na sioni kama hilo lilitokea kwa bahati.

Hata hivyo lawama yangu kwa Wademocrat ni ya zamani kuliko Novemba. Wao nao ni wapenzi wa fomu. Sheria ya 2010 ilijengwa juu ya vipimo vya kipato, ngazi za ruzuku na tovuti za kulinganisha bima, na sasa mtu ambaye kipato chake kimezidi asilimia 400 ya kiwango cha umaskini kwa dola moja anapoteza ruzuku yote. Kisha mwaka 2023, chini ya Rais Biden, ulinzi wa kipindi cha janga la korona ulipoisha na majimbo yakaanza kuwahakiki watu upya, zaidi ya milioni 25 waliondolewa katika Medicaid, na takriban saba kati ya kila kumi waliondolewa kwa sababu za kiutaratibu, kama vile barua kutojibiwa, bila kuthibitishwa kwamba hawastahili. Warepublican hawakuivumbua silaha hii. Waliikuta imeshatengenezwa, wakainoa.

Hii ndiyo sababu ushindi wa Zohran Mamdani huko New York ulinivutia zaidi kwa sera zake kuliko kwa asili yake, ingawa nakiri kwamba kumwona mtoto aliyezaliwa Kampala, ambaye baba yake aliwahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akichaguliwa meya kwa kura zaidi ya milioni moja kulinifurahisha. Aliahidi mabasi ya bure na malezi ya watoto kwa wote. Basi la bure halimuulizi abiria kipato chake, wala halimtaki arudi baada ya miezi sita kuthibitisha kwamba bado ni maskini. Fedha zake hazijakamilika, na mengi yanategemea serikali ya jimbo kule Albany, lakini kanuni ni sahihi: anachopewa kila mtu hakihitaji karani wa kumchuja mtu. Medicare ya wazee imedumu tangu 1965 kwa sababu hiyo hiyo, kwani kinachotazamwa zaidi ni umri, na tajiri wa miaka 65 anaitetea pamoja na maskini. Seneta Bernie Sanders amesema kwa miaka mingi kwamba itolewe kwa wote, na kila mwaka wa fomu unampa hoja mpya.

Watu wetu nao wamo ndani ya sheria hii. Kongo imekuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka wakimbizi wengi zaidi Marekani katika mwongo uliopita, na wengi wao huzungumza Kiswahili. Sheria imewaondoa wakimbizi katika msaada wa chakula mpaka wapate ukaazi wa kudumu, na kuanzia 1 Oktoba 2026 wengi wao watafungiwa pia Medicaid, ingawa waliingia kwa mwaliko wa serikali hiyo hiyo, baada ya miaka ya kuhojiwa makambini. Tangu 1 Januari 2026 anayetuma fedha nje ya nchi kwa kulipa taslimu dirishani anakatwa kodi ya asilimia moja, wakati anayetuma kwa akaunti ya benki au kadi hakatwi. Ni kiasi kidogo, na pendekezo la kwanza lilikuwa asilimia tano, lakini tazama linavyomchagua wa kumkata: yule asiye na akaunti. Tena Wakenya na Watanzania wengi walioko huko wanaendesha maisha kwa kazi ya kulea wazee, katika nyumba ambazo mlipaji wao mkubwa ni Medicaid.

Nebraska imetangaza kwamba haitasubiri 2027, na kwamba sharti la kazi litaanza kutumika huko tarehe 1 Mei 2026. Ni jimbo lile lile ambalo wapiga kura wake waliuidhinisha upanuzi kwa kura zao wenyewe miaka minane kabla. Takwimu zake zitakapoanza kutoka, viongozi watatuonyesha idadi ya watu waliopata kazi, na huenda ikawa kubwa, kwa sababu watu hupata kazi na kuziacha kila mwezi hata pasipo sharti. Mimi nitaanza na safu ya walioondolewa kwa sababu za kiutaratibu, na nitaomba ielezwe ni wangapi kati yao walikuwa kazini siku barua ya kuwaondoa ilipoandikwa.